Safari ya Angani kati ya Delhi na Tokyo

Siku moja katika somo la jiografia, darasa la saba, niliandika ubaoni mistari miwili:

Eropleni yaondoka Delhi saa tatu usiku, yafika Tokyo saa mbili u nusu asubuhi.

Eropleni yaondoka Tokyo saa tano u nusu asubuhi, yafika Delhi saa kumi na moja u nusu jioni.

Kisha nikauliza, "Ipi ni safari ndefu, ya kwenda au ya kurudi?" Mikono mingi ikainuka. Mvulana mmoja wa safu ya mbele akasimama, akasema, "Mwalimu, kwenda ni saa kumi na moja u nusu, na kurudi ni saa sita tu. Basi safari ya kwenda ni ndefu karibu mara mbili." Wenzake wakaitikia. Nikamwambia aketi, nikaandika chini ya mistari ile: Kwenda, saa nane. Kurudi, saa tisa u nusu. Darasa zima likanyamaza. Nadhani walifikiri kwamba mwalimu amekosa hesabu, ila hapana aliyethubutu kusema.

Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilipokuwa katika chuo cha ualimu niliulizwa swali la namna hii katika mtihani, nikajibu kama alivyojibu mvulana yule, nikapata sifuri. Lakini kosa la mwanafunzi humpotezea alama tu. Kosa kama hilo akilifanya rubani aliye juu ya bahari, hupoteza kitu kikubwa kuliko alama, nanyi mtaona ni kwa nini.

Kwanza tuijue miji yenyewe. Delhi ni mji mkuu wa Uhindi, nao uko kaskazini ya nchi hiyo, kando ya mto Yamuna, mbali na bahari. Tokyo ni mji mkuu wa Japani, nao uko pwani ya mashariki ya kisiwa cha Honshu. Mpaka mwaka wa 1868 jina lake lilikuwa Edo. Yote miwili ni katika miji yenye watu wengi kupita yote duniani, na eropleni kubwa husafiri kati yake bila kutua njiani.

Sasa twaeni uzi. Mkiuvuta juu ya ramani iliyobandikwa ukutani, kutoka Delhi mpaka Tokyo, utakwenda mashariki ukipanda kaskazini kidogo kidogo. Wengi hudhani kuwa hiyo ndiyo njia iliyo fupi kupita zote. Siyo. Ramani ni karatasi bapa, na dunia ni mviringo. Mwenye kuichora ramani alilazimika kuinyosha dunia, kama mtu alitandazaye ganda la chungwa juu ya meza: hapana budi lipasuke, au livutwe mahali pengine kuliko lilivyokuwa. Basi iacheni ramani, mchukue tufe la dunia. Kama shule yenu haina tufe, mpira au chungwa kubwa litafaa. Tieni alama mbili mahali pa miji ile, kazeni uzi kati yake. Uzi uliokazwa sana juu ya tufe hutafuta wenyewe njia fupi, wala hauwezi kudanganya.

Mtaona kwamba umepinda kwenda kaskazini kuliko ule wa ramani. Waiacha Delhi, wavuka milima ya Himalaya, wapita juu ya uwanda wa Tibet, kisha kaskazini ya Uchina, Bahari ya Manjano na nchi ya Korea, hata wafika Tokyo. Pimeni uzi huo kwa rula, kisha pimeni uzi mwingine unaolizunguka tufe zima. Mzunguko wa dunia ni kilometa 40,000, na uzi wenu wa kwanza ni yapata sehemu moja ya saba ya ule wa pili. Watu waliokokotoa kwa usahihi wamepata kilometa 5,840 hivi. Huo ndio umbali wa Delhi na Tokyo, na mtu akiwauliza umbali tu, jibu ni hilo.

Lakini umbali si njia. Eropleni nyingi ziendazo Tokyo haziufuati uzi ule, nayo sababu ni milima. Hapo kila mwaka mwanafunzi mmoja huniuliza: Mlima Everest, ulio mrefu kuliko yote, kimo chake ni meta 8,849; eropleni hupaa meta 10,000 na zaidi; basi milima yamdhuru nini aliye juu yake? Ni swali zuri. Jibu ni kwamba huko juu hewa ni haba mno, mtu hawezi kuishi kwa kuivuta. Abiria huishi kwa sababu mashine husukuma hewa ndani ya eropleni, na milango imefungwa isipenye. Ikiwa kwa bahati mbaya hewa hiyo yatoka, abiria hupewa vifuniko vya pua na mdomo vyenye hewa ya kuvuta, lakini hewa hiyo hutosha dakika chache tu. Rubani hana budi kushuka upesi mpaka yapata meta 3,000, mahali ambapo mtu aweza kuvuta hewa bila msaada. Juu ya bahari au nchi tambarare, neno hilo ni jepesi. Lakini uwanda wa Tibet wenyewe, achilia mbali vilele vyake, wapita meta 4,500 kwenda juu. Atashukia wapi?

Kwa hiyo hupita kando. Eropleni hushika njia ya mashariki ya Uhindi, huku Himalaya iko upande wa kushoto, hupita juu ya Burma, ambayo leo huitwa Myanmar, kisha kusini ya Uchina, ndipo ivuke bahari kwenda Japani. Ukitia pini juu ya tufe katika miji ya Kolkata, Kunming na Shanghai, ukapitisha uzi wako katika pini hizo, utapata kilometa 6,500 hivi. Eropleni haipiti hasa juu ya miji hiyo kila safari, lakini hesabu hiyo yatufaa. Milima imeongeza zaidi ya kilometa 600.

Kuzunguka huko si jambo geni. Mwaka wa 1920 Mwitalia Arturo Ferrarin, pamoja na fundi wake Gino Cappannini, aliondoka Roma mwezi wa Februari kwa eropleni ndogo yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine. Walipita Uhindi, wakaizunguka milima kwa upande wa Burma na Siam, wakapanda pwani ya Uchina hata Korea, wakafika Tokyo mwishoni mwa mwezi wa Mei. Walikuwa wa kwanza kufika Japani kwa eropleni kutoka Ulaya. Safari hiyo iliwachukua zaidi ya miezi mitatu, ambayo leo abiria wa Delhi huanza kulalamika akicheleweshwa saa tatu.

Na waliojaribu milima walilipa. Katika vita kuu vya pili, Wajapani walipoikata barabara ya Burma mwaka wa 1942, haikubaki njia ya kuwapelekea Wachina silaha na mafuta isipokuwa ya angani, kutoka Assam, mashariki ya Uhindi, mpaka Kunming. Marubani wa Marekani walipita huko mchana na usiku mpaka mwaka wa 1945, nao waliiita ile milima Nundu. Dhoruba, barafu iliyoganda juu ya mabawa, na pepo zisizotazamiwa ziliangusha eropleni zaidi ya 500. Wazee wetu waliokuwa askari wa King's African Rifles, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walipigana chini ya anga hizo katika bonde la Kabaw mwaka wa 1944, wakiangushiwa chakula na risasi kutoka juu. Labda mmesikia habari hizo nyumbani kwenu.

Sasa tumefika kwenye jambo lililo gumu katika somo hili, nalo ni upepo. Lisomeni polepole.

Mtu apigaye kafi katika mto Rufiji hupata nguvu zile zile mikononi akienda chini au akipanda juu. Walakini akishuka na maji hufika upesi, akipanda huchelewa. Kafi ni ile ile, mtumbwi ni ule ule; maji ndiyo yaliyombeba au kumzuia. Eropleni nayo ni hivyo. Haishiki ardhi kama motokaa. Imo ndani ya hewa kama mtumbwi ulivyo ndani ya maji, na hewa ikienda, eropleni yaenda nayo. Mabaharia wa bahari yetu walijua zamani kwamba njia moja yaweza kuwa na safari mbili: majahazi ya Kutch na Bombay yalikuja kwetu kwa kaskazi, yakarudi kwao kwa kusi, na nahodha asiyengoja majira yake alipata taabu.

Lakini upepo ninaoutaja hapa hautikisi majani ya mti hata mmoja. Uko juu sana, kilometa nane, tisa, kumi, nao huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki kama mto mrefu wa hewa. Watu waliishi chini yake miaka yote wasijue.

Mmoja katika wale walioupima kwanza alikuwa Mjapani, Wasaburo Oishi, mkuu wa kituo cha kuchunguza hewa huko Tateno, kaskazini mashariki ya Tokyo. Njia yake ilikuwa rahisi. Alirusha angani puto, yaani kifuko chembamba cha mpira kilichotiwa hewa nyepesi, akalifuata kwa darubini yenye kupima pembe, akaandika mahali lilipo dakika baada ya dakika. Puto halina mashine. Likikimbia, ni upepo ulikimbizao. Kuanzia Machi 1923 mpaka Februari 1925 alikusanya vipimo 1,288. Tarehe 2 Desemba 1924, puto lake lilipofika juu kilometa tisa hivi, aliona upepo wa meta 72 kwa nukta moja. Zidisheni kwa nukta 3,600 zilizo katika saa moja, mtapata kilometa 259 kwa saa. Hapana kimbunga cha kawaida kifikacho kasi hiyo, nao watu wa Tokyo siku ile walikuwa wakitembea barabarani bila kushika kofia zao.

Oishi aliandika habari hiyo mwaka wa 1926, akaiandika kwa Esperanto, lugha iliyotungwa na daktari Zamenhof wa Poland na kutangazwa mwaka wa 1887, ili mataifa yote yawe na lugha moja ya kuelewana. Alichagua lugha ya watu wote, na karibu watu wote hawakuisoma. Nikilifikiri jambo hili husikitika. Kazi ilikuwa ya kweli, vipimo vilikuwa safi, na maandishi yalikaa rafuni.

Miaka kumi na minane ikapita. Tarehe 24 Novemba 1944 eropleni za Marekani zaidi ya 100 zilitoka kisiwa cha Saipan kwenda kuutupia mji wa Tokyo mabomu. Juu ya mji zilikuta upepo wa magharibi ambao marubani hawakuutazamia. Ziliendeshwa kasi isiyopimika kwa vyombo vyao, na mabomu mengi hayakuanguka mahali palipokusudiwa. Wajapani, wao waliujua. Tangu mwezi huo huo mpaka Aprili 1945 walirusha maputo ya karatasi zaidi ya 9,000 yenye mabomu, wakauachia upepo uyavushe bahari ya Pasifiki mpaka Marekani. Mengi yalipotea. Moja lilionekana msituni katika jimbo la Oregon mwezi wa Mei 1945, likalipuka, likaua mama mmoja na watoto watano waliokwenda kutembea. Ni upepo ule ule unaomfikisha leo abiria wa Tokyo kabla ya wakati.

Sababu ya upepo huo ni jua na mzunguko wa dunia. Jua hupasha moto nchi za ikweta kuliko nchi za kaskazini. Hewa yenye moto hupanda, ikaelekea kaskazini. Sasa, ardhi ya ikweta huzunguka kwa kasi kubwa kuelekea mashariki, kwa kuwa duara lake ni kubwa. Ardhi ya kaskazini huzunguka polepole zaidi, kwa kuwa duara lake ni dogo. Basi hewa ile hufika kaskazini ikiwa bado na mwendo wa kwao, ikaitangulia ardhi iliyo chini yake, na kuitangulia ardhi kuelekea mashariki ndiko kuvuma kutoka magharibi. Wakati wa baridi tofauti ya moto na baridi huzidi, na upepo huzidi pia. Tena wakati huo hupita kusini ya Himalaya, juu ya Uhindi wa kaskazini, ukaendelea mpaka Japani, ambako huwa na nguvu kuliko karibu mahali pengine pote duniani. Mwezi wa Juni hivi huhamia kaskazini ya Tibet na kupungua nguvu, na ndipo mvua kubwa za Uhindi zifikapo.

Haya, tufanye hesabu. Njia yetu ni kilometa 6,500. Eropleni katika hewa iliyotulia huenda kilometa 900 kwa saa. Tuseme upepo wa magharibi ni kilometa 100 kwa saa tangu mwanzo wa njia hata mwisho. Kwenda Tokyo, mwendo juu ya ardhi ni 900 na 100, yaani 1,000. Safari ni saa sita u nusu. Kurudi Delhi ni 900 kutoa 100, yaani 800. Safari ni saa nane na dakika saba u nusu.

Sasa tazameni jambo ambalo wengi hawalioni. Kama pasingekuwa na upepo, kila safari ingekuwa saa saba na dakika kumi na tatu na kidogo. Upepo umetupa dakika 43 katika kwenda, na umetunyang'anya dakika 54 katika kurudi. Mnaweza kudhani kwamba alichokupa akienda angekichukua sawasawa akirudi, lakini amechukua na zaidi. Kwa nini? Kwa sababu upepo wa nyuma hukusaidia kwa muda mfupi, maana unafika upesi. Na upepo wa mbele hukuzuia kwa muda mrefu, maana unakawia ndani yake. Mpiga kafi wa Rufiji angekwambia neno hilo bila ubao wala chaki.

Mtasema, "Mwalimu, mbona ubaoni uliandika saa nane na saa tisa u nusu?" Ni kweli. Hesabu yetu ni ya eropleni iliyokwisha kupaa na kushika mwendo. Ya kweli hutembea ardhini kabla ya kuruka, hupanda kwa mwendo mdogo, hungoja zamu ya kutua, na wenye kuandika ratiba hujiwekea akiba ya dakika. Tena upepo hubadilika kila siku. Kwa kawaida kwenda Tokyo huchukua yapata saa saba u nusu au nane, na kurudi Delhi yapata tisa u nusu au kumi.

Na hapa ndipo kosa linapokuwa la hatari. Rubani hatii mafuta kwa kilometa. Hutia kwa saa. Eropleni kubwa ya mashine mbili huunguza yapata tani tano za mafuta kila saa moja. Safari ya kurudi ikizidi ile ya kwenda kwa saa mbili, ni tani kumi za ziada, juu ya njia ile ile. Rubani angesema, "Umbali ni mmoja, basi mafuta ni mamoja," angekaukiwa kabla ya kuuona uwanja. Kwa hiyo kabla ya kuondoka hupokea habari za upepo wa juu kutoka kwa wachunguzi wa hewa, ambao mpaka leo hurusha maputo kama alivyofanya Oishi, ingawa siku hizi puto hubeba chombo kidogo kinachotuma habari chenyewe. Hutia mafuta ya safari, na ya kufika uwanja mwingine ikiwa ule wa kwanza umefungwa, na zaidi ya hayo akiba ya kuzunguka nusu saa. Akiba hiyo ya mwisho haiguswi ila kwa msiba.

Kabla hatujarudi kwenye saa, niseme neno juu ya msichana mmoja aliyenipa jibu jingine kabisa. Alisema, "Dunia yazunguka kuelekea mashariki, basi Tokyo yaikimbia eropleni itokayo Delhi, na Delhi yaijia eropleni itokayo Tokyo." Alikuwa ametumia akili, nami nilimsifu, lakini amekosa. Ardhi ya Delhi huzunguka zaidi ya kilometa 1,400 kwa saa. Kama hewa isingezunguka pamoja nayo, eropleni ya kilometa 900 isingefika Tokyo milele. Hata kunguru akiruka kutoka juu ya paa angeona nyumba imemtoroka. Hewa, kunguru na eropleni vyote huchukuliwa pamoja na dunia, kama vile mtu arukaye ndani ya gari la moshi huangukia pale pale aliporukia.

Basi turudi ubaoni. Mvulana yule alikosa wapi? Alitoa saa za mji mmoja katika saa za mji mwingine, kama mtu atoaye shilingi katika rupia.

Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa moja. Mji ulio mashariki hulipata jua mapema. Kila nchi huchagua mstari mmoja wa longitudo, ikalinganisha saa zake zote na mstari huo. Japani, tangu mwaka wa 1888, imefuata mstari wa digrii 135, upitao katika mji wa Akashi. Uhindi, tangu mwaka wa 1906, imeshika mstari wa digrii 82 u nusu, upitao karibu na Allahabad, ambao sasa jina lake ni Prayagraj. Toeni 82 u nusu katika 135: zabaki digrii 52 u nusu. Gawanyeni kwa 15: ni saa tatu u nusu. Ndiyo maana saa ya Tokyo hutangulia ya Delhi kwa saa tatu u nusu. Sisi wa Afrika Mashariki twafuata mstari wa digrii 45; tafuteni wenyewe Delhi yatutangulia kwa muda gani, wala msishangae mkipata nusu.

Eropleni iliyoondoka Delhi saa tatu usiku ilifika Tokyo saa mbili u nusu asubuhi kwa saa za Tokyo. Wakati huo huo, Delhi ilikuwa bado saa kumi na moja alfajiri. Kutoka saa tatu usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri ni saa nane. Na ile iliyofika Delhi saa kumi na moja u nusu jioni, Tokyo ilikuwa imekwisha kuwa saa tatu usiku. Kutoka saa tano u nusu asubuhi mpaka saa tatu usiku ni saa tisa u nusu. Saa za ukutani ziliurefusha mwendo wa kwenda na kuufupisha wa kurudi, hata zikauficha upepo usionekane.

Sasa fungueni madaftari. Eropleni yaondoka Delhi saa mbili asubuhi. Njia ni kilometa 6,500, mwendo katika hewa iliyotulia ni kilometa 900 kwa saa, na upepo wa magharibi ni kilometa 75 kwa saa. Msihesabu dakika za ardhini. Itafika Tokyo saa ngapi kwa saa za Tokyo, na saa ya mkononi ya mtu aliyebaki Delhi yaonyesha nini wakati huo? Kesho yake yaondoka Tokyo saa mbili asubuhi, upepo haukubadilika. Andikeni itakapofika Delhi kwa saa za Delhi, kisha muda wa safari yenyewe. Na yeyote ambaye muda wake wa kurudi ni mfupi kuliko wa kwenda, aanze tena kwenye uzi na tufe.